Kwao Sasa ni Usiku

Nimekabidhi funguo za maktaba ya Handeni, na tangu siku ile nalala kama mtu aliyetua gunia. Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, hasa ile ya kuwaonjesha watu hadithi zilizoshinda tuzo, zile za sayansi ambayo bado haijafika na za maajabu ambayo hayatafika kamwe. Nitaandika. Vyeo nitaviruka, maana nilivipata vichache na kwa kuchelewa. Mshahara nao nitauruka kwa sababu mnaujua, ni huo huo wenu.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, Korogwe. Baba alikuja kutoka kusini akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akamkuta mama kambini, naye kaletwa na wazazi wake kwa njia ile ile. Sikuwa na mjomba mwenye ofisi. Nilikwenda Dar es Salaam, nikapata kazi ya kupanga karatasi katika kiwanda cha uchapaji, jioni nikawa nasoma, mpaka nikapata stashahada ya ukutubi. Pale kambini walikuwa hawajui hata kwamba kukaa na vitabu nako kunasomewa. Wengi wakishapata hawarudi. Mimi nilirudi, tena nilirudi na tai shingoni mwezi wa Februari, na anayelijua jua la Handeni la mwezi huo hahitaji kuelezwa zaidi.

Maktaba ile ilikuwa chumba kimoja kirefu chini ya bati, mali ya kamati ya wazee na wazazi wa mji. Nilimkuta Mama Pili, mkutubi aliyekuwapo kabla ya rafu zenyewe. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye kitabu alichokuwa anagundisha mgongo kwa uji wa unga.

"Nimesikia una stashahada," alisema.

"Ninayo, mama. Na nilifaulu vizuri."

"Basi ikunje uiweke chini ya mguu wa meza ile. Inayumba."

Sikuiweka. Nilikunja gazeti. Lakini wiki nzima ile ya kwanza alinikalisha mlangoni bila kazi yoyote, niangalie tu watu wanavyoshika vitabu. Nikaona kwamba wengi wanakuja kwa ajili ya gazeti la michezo na kivuli. Anayechukua kitabu hukifungua katikati, husoma mistari michache, hukirudisha, na hawezi kukwambia kwa nini. Siku ya mwisho ya wiki Mama Pili akaniita.

"Umeona nini?"

"Hawasomi."

"Wanaonja," alisema. "Mtu hanunui ndizi bila kuonja moja, atasomaje kitabu kizima kwa sababu wewe una tai? Usimwambie mtu kitabu ni kizuri. Msomee ukurasa mmoja, halafu nyamaza."

Hayo ndiyo mafunzo. Chuoni tulifundishwa kupanga, kuainisha na kuhesabu vitabu. Kunyamaza hatukufundishwa, na kulinichukua muda, maana kwa asili mimi si mtu wa kunyamaza.

Mama Pili alipostaafu, chumba kikabaki mikononi mwangu, na hapo ndipo yalipokuja masanduku ya Bwana Ramesh. Bwana Ramesh alikuwa na duka la bati na misumari Korogwe mjini, duka alilorithi kwa baba yake. Tangu ujana alipenda hadithi za nyota, mashine zinazofikiri, miji iliyo chini ya bahari. Binti yake aliyeolewa ng'ambo akawa anamletea kila mwaka vitabu vilivyobeba tuzo za hadithi za namna hiyo. Siku moja nilikwenda kununua bawaba, akanipeleka nyuma ya duka. Yalikuwa masanduku mpaka dari.

"Mkutubi, hivi vyote vimeshinda," alisema. "Na mke wangu naye ameshinda. Anataka kuweka friji hapa."

"Nichukue mangapi?"

"Chukua yote kabla hajanitoa na mimi."

Nilirudi Handeni nikiwa na rafu nzima ya washindi. Naweza kusema bila aibu kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na mtu kati ya Korogwe na Handeni aliyeonja hadithi nyingi za sayansi na maajabu kuliko mimi, na sidhani kwamba Tanga mjini alikuwapo. Tatizo ni kwamba nyingi zilikuwa kwa Kiingereza, na wasomaji wangu walikuwa wakulima, mafundi baiskeli, wauza nguo, wanafunzi wa sekondari na akina mama wanaosubiri zamu ya maji. Basi nikawa nasoma kwa macho Kiingereza, mdomoni kinatoka Kiswahili. Jaribuni. Kuna siku nilitokwa jasho nikitafuta jina la chombo kinachosafiri kwa kukunja anga kama mkeka. Mwishowe nikasema hivyo hivyo, kinakunja anga kama mkeka, na fundi baiskeli mmoja akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kukitengeneza.

Njia yangu ya kuonja ilikuwa hii. Kwanza, usiiamini nishani ya dhahabu iliyochapwa kwenye jalada. Tuzo ni kama sifa za mpishi zilizotolewa na wageni. Wageni huenda walikuwa na njaa. Soma ukurasa wa kwanza ukiwa umekaa, kisha soma mwingine wa katikati ukiwa umesimama. Ukijikuta umekaa tena bila kujua, hadithi hiyo inafaa. Halafu tafuta mahali pa kukatia. Usikatie penye hatari, hiyo ni hila ya redio. Katia mahali ambapo mtu ndani ya hadithi amejua jambo, ila bado hajamwambia mwenzake. Hapo msikilizaji hawezi kwenda nyumbani salama. Nilikuwa nafunga kitabu hapo, naondoa miwani, nasema, "Kipo rafuni." Vita vilivyofuata baina ya waombaji ndivyo vilivyonifanya nijue kwamba nimekata vizuri. Washindi wengine hawakuonjeka hata kidogo. Kuna kimoja kinene, kilichosifiwa dunia nzima, ambacho kila nilipokifungua watu walikuwa bado wanaelezwa jinsi kodi inavyokusanywa kwenye mwezi. Nilikiweka chini ya mguu wa meza, pale palipokuwa na gazeti.

Siku ya kuonjesha ilikuwa Jumatano, kwa sababu si siku ya mnada, na wafugaji hawaji mjini kutupigia kelele za ng'ombe dirishani. Mwanzoni walikuja watu wa kuhesabika. Baadaye walikaa mpaka kwenye ngazi.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu.

Mnajua, na kama hamjui waulizeni bibi zenu, kwamba hadithi za maajabu hazisimuliwi mchana. Kambini kwetu tulikuwa na bibi wa kila kabila lililowahi kukata mkonge. Waligombana juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya namna ya kuzika, lakini hilo walikubaliana wote. Anayesimulia mazimwi jua likiwa juu humpoteza mama yake. Wengine walisema mama hupotea njia, wengine walisema hufa, ila ni mama, siku zote ni mama. Mimi nikiwa na stashahada sikuamini. Nakubali tu kwamba kila Jumatano, nikishafunga kitabu, nilikuwa nampigia simu mama yangu kule Korogwe. Nikishasikia sauti yake, nakunywa chai. Msomi naye anaruhusiwa kuwa mwangalifu.

Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa Mzee Mhina, karani wa mahakama mstaafu, mtu anayesikiliza kama anaandika. Wajukuu zake walikuwa hawakosi Jumatano. Siku moja walikuwa wanasimuliana shambani, katikati ya palizi, hadithi niliyowaonjesha ya mji unaotembea kwa miguu, na jioni ile mama yao akaugua. Alipona, ilikuwa malaria. Lakini Mzee Mhina aliitisha kamati, na ajenda ilikuwa mimi.

"Mkutubi," alisema, "hatukatai vitabu. Ila unawafundisha watoto kupoteza mama zao saa za kazi. Ama uache, ama usome usiku."

Kusoma usiku kulikuwa hakuwezekani. Umeme wa mji ule ulikuwa na tabia zake, na hakuna mzazi wa Handeni atakayemwachia binti yake atoke usiku kwenda kusikiliza habari za majini ya chuma. Kuacha nako nilikuwa siwezi. Nikasimama, nikachukua tufe la dunia lililokuwa juu ya kabati, nikaliweka kwenye jua la dirishani. Upande mmoja ukang'aa, upande wa pili ukawa kivuli.

"Mzee wangu," nikasema, "anayesimulia ni nani? Mimi au aliyetunga?"

Akafikiri. "Aliyetunga. Wewe ni kama tarishi."

"Basi huyu aliyetunga hadithi ya mji unaotembea anaishi hapa." Nikaweka kidole kivulini. "Kwao sasa ni usiku wa manane. Amesimulia usiku. Mimi nimepokea tu."

Wajumbe wakasogea kuangalia. Mama mmoja aligeuza tufe kidogo, akaona kweli usiku unahama, akalirudisha haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Mzee Mhina alizunguka meza, akatazama upande wa jua, akatazama upande wa kivuli, kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Hoja ina miguu. Lakini kila hadithi itathibitishiwa saa yake."

Nilitoka pale kichwa kikiwa juu ya bati. Nani mwingine, nauliza, angeokoa rafu nzima kwa tufe na dirisha?

Ila sheria ukishaitunga inakukalia wewe kwanza. Kuanzia hapo wasikilizaji walikuwa hawaniruhusu kuanza mpaka waulize. Mmoja anasema, "Kwao sasa?" Mimi najibu, "Usiku." Wote wanasema, "Haya, sema." Na wanafunzi wa sekondari, ambao kwenye jiografia walikuwa wanapata alama za kusikitisha, wakawa wananihakiki kwa simu zao. Ikabidi nipange ratiba kwa kufuata jua. Watunzi wa Amerika niliwasoma asubuhi, wa China na Japani alasiri. Waingereza na Wanaijeria waliteseka sana, kwa sababu usiku wao karibu ni wetu. Mwingereza alisomeka karibu na Desemba tu, tunapofungua milango, kabla hakujapambazuka kwao. Mnaijeria hakusomeka kamwe. Kitabu chake niliwaazimisha watu kimyakimya waende nacho nyumbani. Kuhusu watunzi waliokwisha kufa, Mzee Mhina alitoa uamuzi kwamba marehemu yuko usiku wakati wote, na nikashukuru, maana nilikuwa nao wengi.

Tulikaa hivyo miaka mingi kwa amani. Kosa langu lilikuwa kutowaza kwamba mshindi angeweza siku moja kutoka hapa hapa.

Neema ni wa Bungu, kule milimani. Alisoma sekondari Handeni akiishi kwa shangazi yake, na alikuwa wa kwanza kukaa mstari wa mbele kila Jumatano, daftari la hesabu mapajani likiwa limefungwa. Akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana akanipigia simu, sauti yake imekauka.

"Shikamoo, Mkutubi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hakuna. Nimeshinda."

Alikuwa ametunga hadithi ya sayansi, kwa Kiswahili hiki hiki, akaipeleka kwenye shindano la kimataifa, na imepata tuzo. Zaidi ya hapo walimwalika akakae ng'ambo miezi kadhaa na watunzi wenzake, aandike. Walitaka jibu kabla ya wiki kwisha. Nikapiga meza mpaka wasoma magazeti wakageuka. Halafu Neema akasema lililobaki.

"Mama hataki. Baba amemwachia mama aamue, na mama anasema haniruhusu kuvuka bahari kwa ajili ya kitu asichokijua."

Sikumlaumu mama huyo. Binti wa jirani yao alikwenda nchi za mbali kwa kazi ambayo hakuieleza vizuri, akarudi amenyamaza mpaka leo. Neema alijaribu kumsomea hadithi nyumbani, mama akakataa. Alisema, "Nyumbani utanibembeleza. Nataka niisikie mbele ya watu, nione watu wanafanyaje." Basi wakakubaliana atashuka Handeni siku moja, Jumatano, na kurudi siku hiyo hiyo, maana ana ng'ombe wa kukamuliwa. Akiona watu wameipokea, Neema atakwenda. Wakimcheka, au ikiwa ni upuuzi, Neema atabaki na chaki zake na tusizungumze tena.

"Utaisoma wewe, Mkutubi," Neema alisema. "Mimi nitatetemeka."

"Umefika kwa mwenyewe," nikamjibu. Ilikuwa miezi michache kabla ya kustaafu kwangu, na niliona kwamba Mungu ananifungia kazi kwa shada la maua.

Jumatano ile chumba kilijaa mpaka nje. Mama Neema alikaa kiti cha mbele, mwanamke mrefu, amejifunga kanga juu ya sweta, kwa sababu watu wa Bungu hawaamini kwamba kuna mahali hakuna baridi. Neema alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Nilisimama, nikavaa miwani, nikaeleza kwamba leo mshindi ni mtoto wetu. Watu wakapiga makofi. Nikafungua karatasi.

"Kwao sasa?" mtu akauliza kutoka dirishani, kwa mazoea tu.

Nikafungua mdomo niseme usiku, macho yakaenda dirishani.

Kicheko kilianza pembeni kisha kikafa, maana watu waliona mmoja baada ya mwingine. Kwao Neema sasa ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Na anayesimulia, kwa sheria niliyoitunga mwenyewe kwa tufe langu mwenyewe, ni aliyetunga. Na mama yake ndiye yule pale, amekaa mbele na sweta.

"Mkutubi," Mzee Mhina alisema taratibu kutoka kiti chake cha pembeni, "tunasubiri saa."

"Mzee, hadithi yenyewe inaanza usiku," nikasema. "Usiku wa ukungu mzito."

"Hata mwizi anaanza usiku. Tukimkamata mchana, kesi ni ya mchana."

"Tufunge madirisha kwa magunia. Yapo stoo."

"Jua unalifunika kwa gunia, Mkutubi? Na wewe una stashahada?"

Watu wakacheka, na mimi nikasikia jasho likishuka chini ya tai. Kijana mmoja akasema tuahirishe mpaka usiku. Neema akatikisa kichwa kule nyuma, maana gari la mwisho la kupanda Bungu halingojei hadithi. Mwingine akasema ni mambo ya kizamani, tusome tu. Hapo akina mama wawili wakashika mikono ya watoto wao tayari kutoka. Nikaona wazi jinsi jambo zima litakavyokwisha. Mama atapanda gari akiwa ameona watu wakibishana na kutawanyika, na hicho ndicho atakachokijua kuhusu kazi ya mwanawe.

Mama Neema akasimama. "Mnabishania nini?"

Mzee Mhina, kwa heshima yote, akamweleza. Alimweleza sheria nzima, mwandishi na tarishi, kwao na kwetu, mpaka mwisho wake: kwamba hadithi hii ikisimuliwa sasa, wa kupotea ni mama wa aliyetunga.

"Yaani mimi."

"Wewe, mama. Ndiyo maana tunasita."

Alimgeukia mwanawe kule mlangoni. Kisha akaniuliza mimi: "Wewe mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Korogwe."

"Basi wewe kaa." Akamgeukia Mzee Mhina. "Huyu mtoto alipovunja dirisha la shule, mliniita mimi mkutanoni au mlimwita yeye?"

"Sikuwa mimi, mama, lakini kwa kawaida huitwa mzazi."

"Akija mtu wa kumposa, atakwenda kwake au atakuja kwangu?"

"Atakuja kwenu."

"Makosa yake yangu, mahari yake yangu. Hadithi yake tu ndiyo si yangu?" Akanyoosha mkono kwangu. "Lete. Hiyo hadithi nimeitunga mimi, kupitia kwake. Na mama yangu mimi nilimzika zamani, hakuna wa kupotea."

Mzee Mhina alikuna kidevu kama mtu anayetafuta kifungu, akakikosa, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Hoja imekubaliwa," alisema. "Haya, mama. Sema."

Nilimpa karatasi na miwani yangu. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama walivyofundishwa watu wazima jioni enzi zile, sauti ikiwa juu kupita kiasi. Ilikuwa hadithi ya kijiji cha mlimani, miaka mingi ijayo, ambako wanawake wanavuna ukungu kwa nyavu, wanautia vibuyuni, wanauuza kwa watu wa nchi kavu, na mkisikia nchi kavu mjue ni sisi. Juu ya mlima kuna mtambo unaouita ukungu. Mtambo umekaa na watu muda mrefu mpaka umejifunza kununa, na mwaka huo umenuna. Mafundi wamepanda wakashindwa. Anapanda bibi mmoja na kibuyu kitupu na ungo wa maharage, anakaa kando ya mtambo, hausemeshi, anachambua maharage.

Mimi, mtaalamu wa kuonjesha, niliona mahali pa kukatia. Palikuwa pazuri kuliko pote nilipopata kukata maishani. Mtambo umejua kwa nini bibi amekuja, na bibi bado hajasema. Nilinyanyua mkono kidogo, kwa desturi ya kazi. Mama Neema hakuniona. Aliingia ukurasa uliofuata, na uliofuata, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hapa tunaonja tu. Watoto waliokuwa wanatolewa nje walikaa tena. Fundi baiskeli alilia waziwazi pale bibi alipovua kanga yake akaufunika mtambo, akasema, baridi inakupata wewe pia, hakuna aliyefikiria.

Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Walikaa tu. Gari la Bungu lilikuwa limekwisha kuondoka na hakuna aliyelitaja. Mama Neema alivua miwani, akairudisha kwangu, akamwita mwanawe aje mbele.

"Huyu bibi ni mama yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anakaa. Anachambua maharage mpaka unasema mwenyewe." Akaziangalia karatasi. "Ila kanga umekosea. Ilikuwa na pindo jekundu. Wewe umeandika jeusi."

"Nilikuwa mdogo, mama."

"Nenda basi, waandikie hao watu unakuja. Na huko huko urekebishe pindo."

Neema aliandika jibu pale pale mezani kwangu, kwenye simu, vidole vikikosea herufi. Mama yake alilala kwetu, mke wangu akampikia. Ng'ombe wakakamuliwa na majirani.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Karatasi za hadithi alikuwa amezifunga ndani ya pindo la kanga, na nilipomkumbusha kwa adabu kwamba ni mali ya maktaba, alinitazama kama mimi ni mtoto aliyeuliza swali la kipuuzi.

"Hizi naondoka nazo. Nakwenda kumsomea baba yake Neema," alisema akipanda gari. "Yeye mama yake bado yupo pale nyumbani. Asije akajisomea mwenyewe mchana."